Hervé Renard: yanayosemwa vijiweni na yaliyotokea uwanjani

Timu yoyote ya taifa ya ukanda wetu ikibaki bila kocha, jina la Mfaransa huyu halichelewi kutajwa. "Mleteni yule wa shati jeupe." Namfuatilia tangu alipokuwa Zambia na namheshimu sana, ndiyo maana inaniuma kusikia kazi yake ya miaka zaidi ya ishirini ikielezwa kwa sentensi tano sita ambazo nyingi si kweli.

"Jamaa ana nyota, ni shati lile tu"

Shati jeupe analovaa siku za mechi analiamini kweli, na mwenyewe hakatai. Lakini turudi Lusail, Qatar, kwenye Kombe la Dunia, 22 Novemba 2022, Saudia yake dhidi ya Argentina ambayo ilikuwa imecheza mechi 36 bila kufungwa. Messi alifunga penalti dakika ya 10. Kabla ya mapumziko Argentina walitikisa nyavu mara tatu zaidi, na mara zote tatu bao likakataliwa kwa kuotea. Hapo ndipo watu wanaposema bahati.

Ukiitazama mechi ile upya utaona mabeki wa Saudia wamesogea juu mno, karibu na mstari wa kati, wakipanda wote kwa pamoja kila pasi ya Argentina inapotaka kutoka. Ni mtego wa hatari. Beki mmoja akichelewa hatua moja tu, mshambuliaji amebaki na kipa. Mtego huo unataka mazoezi mengi, na Renard aliyapata kwa sababu wachezaji wake wote 26 walikuwa wanacheza ligi ya nyumbani Saudia, hivyo aliweza kukaa nao kambini kwa muda ambao makocha wengi wa timu za taifa hawaupati.

Halafu yakaja mapumziko. Video ya chumba cha kubadilishia nguo ilisambaa duniani kote: Renard anawafokea wachezaji wake kwa kusimama na kumtazama Messi, anawaambia kama wanataka basi wachukue simu wapige naye picha. Dakika ya 48 Saleh Al-Shehri akasawazisha, dakika ya 53 Salem Al-Dawsari akafunga la pili. Matokeo 2-1.

Siku chache baadaye Saudia walifungwa 2-0 na Poland, kisha 2-1 na Meksiko, wakarudi nyumbani wakiwa wa mwisho kwenye kundi. Shati lilikuwa jeupe siku zote tatu.

"Afrika alishinda kwa sababu alipewa mastaa"

Kwa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2015 na Ivory Coast, sawa, Yaya Touré na Gervinho walikuwepo. Ingawa hata pale mambo hayakuwa mteremko: Drogba alikuwa ameshastaafu timu ya taifa, na fainali ya Bata dhidi ya Ghana ilikwenda mpaka kipa Boubacar Barry akalazimika kupiga penalti mwenyewe na kuipa nchi yake ushindi wa 9-8.

Ila anayesema mastaa ameisahau Zambia ya 2012, aliyotwaa nayo kombe hilohilo. Nahodha Christopher Katongo alikuwa anacheza China. Kipa Kennedy Mweene alikuwa Afrika Kusini, kwenye klabu ya Free State Stars. Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu walikuwa TP Mazembe ya Lubumbashi, wakishiriki chumba kimoja cha kubadilishia nguo na Mbwana Samatta wetu, na ndugu yake Sunzu, Felix, alikuwa mshambuliaji wa Simba pale Msimbazi. Hawa hawakuwa watu wa kwenye mabango ya Ulaya. Wengi wao tungeweza kukutana nao kwenye mechi za klabu zetu.

Wakaifunga Senegal 2-1 mechi ya kwanza. Nusu fainali wakakutana na Ghana, Asamoah Gyan akapata penalti, Mweene akaipangua, na Emmanuel Mayuka akafunga bao pekee. Fainali ilichezwa Libreville tarehe 12 Februari 2012 dhidi ya Ivory Coast ya Drogba, Yaya na Kolo Touré, timu iliyokuwa haijaruhusu bao hata moja kwenye mashindano yale. Drogba alikosa penalti katika muda wa kawaida. Dakika 120 zikaisha 0-0, wakaenda kwenye matuta, na matuta yakawa marefu kiasi cha kuumiza moyo. Kolo Touré akakosa, Kalaba naye akakosa, Gervinho akakosa, na Sunzu akafunga. 8-7.

Wapo wanaosema kombe lile lililetwa na marehemu. Siwezi kumcheka anayesema hivyo. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya jeshi iliyoibeba timu ya Zambia ilianguka baharini ikitokea Libreville hiyohiyo, watu wote 30 wakafa. Kalusha Bwalya alinusurika kwa kuwa alikuwa anasafiri peke yake kutoka Ulaya, na mwaka 2012 ndiye alikuwa rais wa chama cha soka cha Zambia. Kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Renard alielewa timu ile imebeba nini, naye hakuupuuza uzito huo wala hakuufanya uwavunje. Joseph Musonda aliumia mapema kwenye fainali na kutoka akilia. Mechi ilipoisha, kocha alimbeba mikononi akampeleka kwa wenzake wakashangilie pamoja. Kwangu mimi picha ile inamweleza Renard vizuri kuliko medali yenyewe.

"Alikuwa mchezaji mkubwa, ndiyo maana milango ilifunguka"

Hapana. Alikuwa beki wa Cannes aliyecheza kidogo, kisha akamalizia soka kwenye madaraja ya chini kusini mwa Ufaransa. Alipoacha kucheza alikuwa anaamka usiku kufanya usafi na kutoa mapipa ya taka kwenye majengo, baadaye akaanzisha kampuni yake ya usafi, na jioni akawa anaifundisha klabu ndogo ya Draguignan. Aliyemfungulia mlango ni Claude Le Roy, mzee mwenye historia ndefu ya kufundisha Afrika, aliyemchukua kuwa msaidizi wake Shanghai, kisha Cambridge United ya daraja la nne Uingereza. Le Roy alipompisha pale Cambridge, Renard alifukuzwa kabla mwaka 2004 haujaisha. Akaenda Vietnam, akarudi Ufaransa kwenye klabu ya Cherbourg, akamfuata tena Le Roy kwenye benchi la Ghana. Zambia ilipomchukua mwaka 2008, si wengi nje ya Ufaransa waliomjua.

"Ndiye kocha mwenye makombe mengi ya Afrika"

Ana mawili. Charles Gyamfi wa Ghana na Hassan Shehata wa Misri wana matatu kila mmoja. Sifa ya Renard ni kuwa wa kwanza kulitwaa na nchi mbili tofauti.

Na lile la 2024 si lake kabisa. Ivory Coast walipofungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta wakiwa wenyeji, wakaachana na Jean-Louis Gasset na kuomba waazimwe Renard, aliyekuwa akiifundisha timu ya wanawake ya Ufaransa. Ufaransa ikakataa. Kazi ikabaki kwa msaidizi, Emerse Faé, na kombe ni la Faé.

"Wendie Renard ni ndugu yake"

Hawana undugu. Wamefanana jina la ukoo tu. Wendie, beki wa timu ya wanawake ya Ufaransa, anatokea kisiwa cha Martinique.

"Popote aendapo anashinda"

Hili linasemwa na wanaompenda, na linamdhulumu vilevile. Sochaux aliichukua ikiwa taabani mwaka 2013, akaifufua mpaka siku ya mwisho ya ligi, siku hiyo ikafungwa 3-0 nyumbani na Evian, ikashuka daraja. Lille haikumvumilia hata nusu msimu mwaka 2015. Moroko aliipeleka Kombe la Dunia 2018 baada ya miaka 20, bila kuruhusu bao katika mechi sita za kundi la mwisho la kufuzu, lakini mwaka uliofuata Benin wakaitoa kwa penalti kwenye hatua ya 16 bora ya AFCON. Wanawake wa Ufaransa aliwafikisha robo fainali ya Kombe la Dunia 2023 na ya Olimpiki 2024, wakaishia hapohapo.

Rekodi hii ni ya kocha wa timu za taifa. Klabu zinamtaka mtu wa kila siku na wa kila wiki. Yeye ana kipaji cha kuwakusanya watu kwa muda mfupi na kuwafanya waamini jambo moja.

"Hatulii, anakimbia mkataba kila mwaka"

Moroko alikaa zaidi ya miaka mitatu, Saudia karibu minne. Zambia aliondoka 2010 na 2011 wakamrudisha. Saudia nao walimrudisha Oktoba 2024, na mwaka mmoja baadaye, baada ya sare ya 0-0 na Iraq, akawa amewafikisha tena Kombe la Dunia.