Kumtetea mtu usiyempenda: jinsi tunavyojenga wahusika Lubumbashi

Vijana wengi wanaojiunga na makundi ya michezo ya kuigiza hapa Lubumbashi huja wakijua kulia. Mpe mmoja wao nafasi ya mama aliyefiwa na mume: machozi yanatoka kabla ya neno la kwanza, na watu wanapiga makofi. Mimi ninayeandika michezo na kuongoza mazoezi nabaki na swali moja: mama huyu anataka nini? Amekuja kuomba pesa za jeneza? Anatafuta wa kumlaumu? Au anaficha kwamba kifo kile kimempunguzia mzigo? Jibu lisipopatikana, tunamtazama mwigizaji akijililia mwenyewe, na mhusika bado hajazaliwa.

Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshirikiana na Nemirovich-Danchenko kuanzisha Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, aliwazoeza waigizaji wake kuanza na neno "kama". Kama ningekuwa mimi, mahali hapa, saa hii, na haya yameshanipata, ningefanya nini? Swali hilo linajibiwa kwa kitendo, ndiyo maana nalipenda. Mtu hawezi kucheza "huzuni", lakini anaweza kukunja shati la marehemu akiwa ameamua kuliuza.

Chukua mhusika anayefahamika katika familia nyingi za mji huu: baba aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, kisha akasaini karatasi ya kuondoka kwa hiari. Mnamo 2003 na 2004 waliondoka wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mwigizaji wangu hakuwa amezaliwa. Akipewa nafasi ya mzee huyo, kwa kawaida humfanya mjinga aliyedanganywa au mnyonge wa kuonewa huruma. Namwambia aiweke huruma pembeni, kwanza tupige hesabu pamoja. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilizalisha karibu tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia wakati ule ilikuwa chini ya tani 30,000. Mshahara haukuwa umelipwa kwa zaidi ya mwaka. Posho ya unga, shule ya watoto, hospitali, vyote vilivyomfanya mtu wa kampuni aheshimike mtaani, vilikuwa vimekwisha au vinakwisha. Sasa mbele yake kuna karatasi, na nyuma ya karatasi kuna dola taslimu kwa mkupuo. Wewe ungekataa?

Kijana akikaa na swali hilo kwa uaminifu, mkono wake unabadilika. Anasaini kama mtu mwenye akili, mwenye mipango: atanunua minibasi, atalima mahindi, atamalizia paa. Tayari anamwambia mkewe bei ya mabati. Hapo ukumbi unaumia, kwa kuwa wao wanajua yatakayofuata naye hajui. Kichwa kilichoinamishwa tangu mwanzo kingeiua sehemu hiyo yote. Baadaye namtuma akakae na wazee wa Katuba au Kenya, mitaa ya mji huu, asiwahoji, atazame tu: jinsi mtu aliyeishi kwa zamu anavyoamka alfajiri hata kama hana pa kwenda, jinsi anavyosimulia kazi kwa vidole.

Mwandishi ana mzigo mkubwa zaidi, kwani anawabeba wote, pamoja na asiowapenda. Mfano nisiochoka kuutoa ni wa Aeschylus wa Athens, mwandishi wa michezo wa Ugiriki ya kale. Alipigana na Waajemi huko Marathon mwaka 490 kabla ya Kristo, na ndugu yake akauawa katika vita hivyo. Mwaka 472, miaka minane tu baada ya Waajemi kushindwa Salamis, aliwaletea Waathene mchezo unaofanyika nyumbani kwa adui: mama wa mfalme anangoja habari za mwanawe, wazee wanataja majina ya waliokufa. Hakuna Mgiriki hata mmoja anayesema jukwaani. Kwangu, ujasiri wa kuandika hivyo unazidi ule wa kushika mkuki.

Hapa kwetu kundi la michezo ya kuigiza la Mufwankolo lilifika mbali bila kuandika maneno yote kwanza. Mchezo wao wa 1986 ulitokana na msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, yaani hayagawanywi. Waliujadili kwanza wao kwa wao, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akayatafuta maneno ya mtu wake mazoezini. Bado naamini majadiliano ya namna hiyo yanajenga mhusika kuliko kukariri. Mtu aliyebishana kuhusu chifu hawezi tena kumcheza kama sanamu.

Kwenye mazoezi yetu nimesikia mara nyingi: "Yaya (hapa kwetu, mkubwa wangu), huyu mwenye nyumba ni shetani tu, anamfukuza mjane!" Basi mtetee. Njia ya mkato ni kumpa mwenye nyumba mtoto mgonjwa ili watu wamwonee huruma, mimi siikubali. Mpe hoja. Hajalipwa kodi kwa miezi saba, yeye mwenyewe hana pato jingine, na wapangaji wengine wanachungulia dirishani waone kama huyu atasamehewa. Mwache aseme hayo kwa sauti ya chini, bila kukunja uso, huku mjane akifunga sufuria zake. Watazamaji wakianza kukubaliana naye na wakati huohuo kumchukia, mchezo umefika nilipotaka.

Mpaka wangu uko kwa walio hai. Aliyenisimulia maisha yake, nabadilisha mtaa wake, kazi yake na idadi ya watoto wake, kisha namwalika aje kutazama mazoezi kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema mstari fulani utoke, unatoka, hata ukiwa ndio mzuri kuliko yote niliyoandika.