Kipolandi kwa mwenye Kiswahili, ukisomea Sopot

Anayejiandaa kusoma Kipolandi Sopot, mji mdogo wa pwani ya Baltiki uliokaa kati ya Gdańsk na Gdynia, huwa ameshatishwa: nomino ina maumbo saba kulingana na kazi yake katika sentensi, konsonanti zimerundikana. Mzungumzaji wa Kiswahili namwambia asiogope sarufi kwanza. Upatanisho anao tangu utotoni. Kazi ya wiki za mwanzo ni ya ulimi.

Herufi tunazozijua ndizo zitakazokukosesha. "Ch" yao ni h yetu: chleb, yaani mkate, huanza kama "hatua", na b ya mwisho husikika p. Ch yetu wao huiandika cz. W ni v, ł ndiyo w yetu, c ni ts, j ni y. Mkazo huwa silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, kwa hiyo huo usikusumbue.

Kosa tunalolifanya sana ni kupachika irabu: Gdynia inakuwa "Gidinia", silabi imeongezeka na msikilizaji halitambui jina. Anza na dynia, ambalo ni neno kamili lenye maana ya boga. Likishatulia mdomoni, litangulizie g fupi, kisha shuka kwenye d bila kuachia pumzi.

Jambo la pili linahitaji subira zaidi. Sh yetu moja, wao wanazo mbili. Ya sz, ncha ya ulimi huinuka na kurudi nyuma kidogo; ya ś, ncha hubaki nyuma ya meno ya chini na mgongo wa ulimi ndio unaopanda. Ukizichanganya, proszę (tafadhali) hugeuka prosię, mtoto wa nguruwe. Sema maneno hayo mawili kwa zamu mbele ya kioo, dakika tano kila asubuhi kabla ya darasa.

Jinsia za nomino zichukulie kama ngeli. Konsonanti mwishoni ni ya kiume (mój bilet, tiketi yangu), -a ya kike (moja książka, kitabu changu), -o au -e ya kati (moje okno, dirisha langu). Nazo zina wakaidi wake: kolega, rafiki wa kiume, huishia -a lakini husemwa mój kolega. Sisi pia husema "kifaru amekuja", si "kimekuja". Maana imeshinda umbo.

Maumbo saba sishauri uyakariri kwa jedwali. Mtu hulijua jedwali zima na dirishani pa tiketi akabaki kimya. Yabebe ndani ya sentensi za safari: jestem w Sopocie (nipo Sopot), jadę do Sopotu (naenda), wracam z Sopotu (narudi). Panda SKM, treni ya abiria inayounganisha miji hiyo, na ubadilishe jina la kituo kila inaposimama: w Gdyni, do Gdyni, w Gdańsku, do Gdańska.

Hesabu ndiyo hukwamisha hata waliokwisha kusonga mbele. Jeden bilet, kwa 2, 3 na 4 ni bilety, kuanzia 5 hadi 21 ni biletów, 22 hadi 24 inarudi bilety. Wengi huteleza kwenye 12, 13 na 14, wakifuata tarakimu ya mwisho; hizo ni biletów. Gati la mbao la Sopot, lenye urefu wa mita 511 hivi, hulipiwa kiingilio majira ya joto, na dirisha lake ni darasa zuri: dwa bilety, poproszę (tiketi mbili, tafadhali).

Mtu usiyemjua usimwambie ty (wewe). Mtaje kwa pan (bwana) au pani (bibi), na kitenzi kiwe cha nafsi ya tatu: Czy pani ma chleb?, kama kusema "Je, mama ana mkate?" Julai na Agosti, mtaa wa Bohaterów Monte Cassino ukifurika watalii, huenda ukajibiwa kwa Kiingereza. Endelea kwa upole: Czy możemy mówić po polsku? (Je, tunaweza kuzungumza Kipolandi?) Kisha nenda duka la mkate la mtaa wa ndani, mapema, kabla foleni haijawa ndefu.