Je, wajua kwa nini programu moja huonekana mara ishirini kwenye Linux?

Fungua htop, programu inayoorodhesha kazi zinazoendeshwa, kwenye kompyuta ya Linux inayoendesha hifadhidata ya MariaDB. Jina lilelile hujipanga mstari baada ya mstari, kila mmoja na namba yake, na kila mmoja ukidai kutumia, tuseme, megabaiti 300 za RAM. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilishika kikokotoo: mistari 22 mara 300, gigabaiti 6 na ushei, kwenye mashine yenye gigabaiti 4. Nikaizima hifadhidata ili kuiokoa kompyuta. Kwamba mashine haikuwa na tatizo lolote halikunishtua.

Mistari ile ilikuwa nyuzi (threads) za programu moja, yaani kazi zake zinazoendeshwa sambamba, na megabaiti 300 ni zilezile, zimetajwa mara 22. Ni kama karani wa sensa aliyeingia nyumba ya kupanga yenye vyumba 22 na kumwuliza kila mpangaji ua wao una ukubwa gani. Kila mmoja anajibu kweli tupu: mita za mraba 300. Karani akijumlisha, anatoka na karibu uwanja mzima wa mpira. Hakuna aliyemdanganya.

(Tahadhari: si kila jina linalojirudia ni nyuzi. Chrome, kivinjari, na PostgreSQL, hifadhidata nyingine, hufungua michakato kamili (programu zinazojitegemea), kila mmoja na nyumba yake. Hata huko kujumlisha huzidisha, maana kuna kurasa za kumbukumbu zinazochangiwa, ila si kwa kiasi cha aibu kama changu.)

Kwa nini basi nyuzi zipewe mistari? Nilidhani kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ina vitu viwili, mchakato mkubwa na nyuzi ndogo ndani yake. Ya Linux ina kimoja tu: kazi. Kazi mpya huzaliwa kwa wito uitwao clone, na anayeita hutaja watakachochangia: CLONE_VM ni kumbukumbu, CLONE_FILES ni faili zilizofunguliwa, CLONE_FS ni saraka mliyomo. Asipotaja chochote, mpangaji amehamia nyumba yake: huo ni mchakato. Akitaja vyote, amepata chumba tu, na ua, jiko na bomba ni vya wote: huo ni uzi. Unaweza pia kuchangia jiko bila bomba. Kerneli haijali.

Zamani haikujali kupita kiasi. LinuxThreads, maktaba ya nyuzi ya Xavier Leroy, ya miaka ya 1990, ilitegemea clone hiyohiyo, lakini kerneli haikujua vyumba vipi ni vya nyumba moja. Kila uzi ulipoulizwa namba ya mchakato wake ulitaja tofauti. Mwaka 2002 Ulrich Drepper na Ingo Molnar wa Red Hat walitangaza NPTL, maktaba mpya ya nyuzi, na kerneli 2.6 ya Desemba 2003 ikaja na msaada wake: kila kazi ikabaki na namba yake, na namba ya kundi, yaani namba ya nyumba, iliyokuwamo tangu kerneli 2.4, ikaanza kutumiwa na nyuzi. Walipima kuanzisha nyuzi 100,000: sekunde 2, badala ya dakika 15 hivi. Ni kipimo cha watengenezaji wenyewe, kwa hiyo mimi huamini mwelekeo kuliko tarakimu.

Leo ukibonyeza H kubwa ndani ya htop, nyuzi hujificha na mistari 22 inakuwa mmoja. Lakini utambulisho wa mtumiaji bado uko kwa kila kazi, ilhali kanuni za POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, zinataka ubadilike kwa mchakato mzima. Kwa hiyo uzi mmoja unapoita setuid, wito wa kubadilisha utambulisho huo, glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C, hutuma ishara kwa kila uzi mwingine, chumba kwa chumba, ili nao ubadilishe wa kwake.