Faini za Kampuni za Umeme Marekani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Umeme ukikatika, kampuni inapigwa faini.
Kinachoadhibiwa ni kuvunja kanuni, si giza lenyewe. Viwango vya NERC, shirika linaloweka kanuni za uthabiti wa gridi (mtandao mkuu wa umeme) na kusimamiwa na FERC, tume ya shirikisho ya nishati, vinahusu mitambo ya kufua umeme na njia kuu za kusafirisha, kwa kawaida kuanzia kilovoti 100. Nguzo ikianguka mtaani, hilo ni la tume ya jimbo. Tena kampuni inaweza kuadhibiwa hata taa isizimike: mwaka 2019 NERC ilitoza dola milioni 10 kwa makosa 127 ya ulinzi wa mifumo ya kompyuta.

Dhana: Adhabu hizi ni za tangu zamani.
Agosti 14, 2003, laini tatu za kilovoti 345 huko Ohio ziligusa miti ambayo haikupogolewa, moja baada ya nyingine. Kwenye chumba cha kuongozea gridi, mfumo wa tahadhari ulikuwa umekufa na wahusika hawajui. Hadi jioni watu wapatao milioni 50, Marekani na Kanada, walikuwa gizani. Faini? Hakuna aliyetozwa hata senti, kwa sababu viwango vilikuwa vya hiari. Inauma kwamba ilibidi watu wengi hivyo waumie kwanza ndipo Bunge litunge sheria mwaka 2005. Viwango vikaanza kuwa lazima Juni 2007, na kikomo cha faini kikawekwa dola milioni 1 kwa siku kwa kila kosa. Leo, kwa kufuata mfumuko wa bei, kimepita milioni 1.5.

Dhana: Kosa likionekana, kampuni hulipa kiwango cha juu kabisa.
Ni nadra. Waliojiripoti wenyewe na kurekebisha mapema hupunguziwa, na makosa madogo mengi huisha bila faini. Naliunga mkono hili: fundi anayeogopa kusema ni hatari kwa gridi nzima.

Dhana: Pesa za faini huwafidia wateja.
Februari 2008, katika kituo cha kupozea umeme cha Flagami, Miami, mhandisi alizima kinga zote mbili za kifaa alichokuwa akikichunguza. Hitilafu ilipotokea, hakukuwa na cha kuikata hapo hapo, na sehemu kubwa ya Florida ikakosa umeme. Florida Power & Light ilikubali kulipa dola milioni 25: milioni 10 kwa hazina ya serikali, milioni 10 kwa NERC, na milioni 5 za kuboresha mfumo wake. Aliyeharibikiwa na vyakula kwenye friji hakuwa na fungu lake humo.

Dhana: Mkosaji yeyote hutozwa.
Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba mashirika ya umeme ya serikali ya shirikisho hayawezi kutozwa faini ya fedha kwa kuvunja viwango hivi. Yanabanwa na kanuni zile zile, ila hayalipi.