Acheni kuhesabu misemo ya Oscar Wilde

Nimeisikia tena: "Filamu nzuri, ila Wilde mwenyewe hachekeshi kiasi kile." Safari hii ilihusu ile ya 1997 ambamo Stephen Fry alimwigiza Oscar Wilde, mwandishi wa Ireland wa karne ya 19 aliyesifika kwa misemo yake ya kuchekesha. Mimi ni mhariri, kazi yangu kukata na kuunga picha za filamu, na filamu yoyote ya maisha ya mwandishi mcheshi huletewa lalamiko hilohilo. Mtazamaji anaingia na orodha kichwani, anahesabu, misemo haitimii, anatoka anaona amepunjwa. Leo nimechoka kujibu kwa kutabasamu.

Tumalizane kwanza na orodha yenyewe. Msemo wa forodha ya New York, kwamba hana cha kutangaza ila kipaji chake, hauonekani katika magazeti ya Januari 1882, na waandishi wa habari walimfuata hukohuko melini wakitafuta maneno ya namna hiyo. Ulikuja kuonekana kitabuni yeye akiwa ameshakufa. Ule wa karatasi za ukutani, ati ama ziondoke zenyewe ama aondoke yeye, husemwa ndiyo maneno yake ya mwisho, kumbe alisema kitu cha kufanana nao wiki kadhaa kabla ya kufa. Siku anakufa, 30 Novemba 1900, katika Hôtel d'Alsace jijini Paris, hakuwa na uwezo wa kuongea. Na yule awezaye kushinda kila kitu isipokuwa vishawishi ni Lord Darlington, mhusika wa tamthilia yake ya 1892. Mnataka mwandishi awe kasuku wa wahusika wake.

Kuna jambo linanisumbua hapo, na sitalificha. Wilde kweli alikuwa akijaribia misemo yake mezani kabla ya kuiandika, na maneno ya Lord Henry, mhusika wa riwaya yake The Picture of Dorian Gray, yalikuja kuchomoza tena katika tamthilia zake. Kwa hiyo kihistoria mlalamikaji huenda ana haki. Shida ni kwamba kwenye skrini haki hiyo haimsaidii.

Chukua sini ya chakula cha jioni. Watu wanane mezani, Wilde anaweka glasi chini, anatoa msemo. Mhariri nina shoti tatu: uso wake, uso wa anayemsikiliza, na meza nzima. Nikibaki kwenye uso wake hadi neno la mwisho, anaonekana mtu aliyekariri. Nikikata kwa wageni, yaani nikihamisha picha kwao, wakicheka, nimecheka kabla yako, na wewe unabana mdomo, kwa sababu hakuna apendaye kuelekezwa pa kucheka. Nikiondoa kicheko kabisa, meza inapoa na yeye anakuwa mtu wa majivuno tu. Ninachopendelea ni kumkatia msikilizaji fremu sita au nane, yaani chini ya nusu sekunde, kabla msemo haujaisha, tuone neno likimfikia. Lakini nikifanya hivyo mzaha umeshapungua nguvu, maana macho yako yako kwa mtu anayeumia au anayependa, na sentensi maarufu imebaki sauti ya pembeni. Ndivyo ninavyotaka. Ndicho mnacholalamikia.

Msemo wa pili ukifuata dakika hiyohiyo, mtazamaji anachoka. Wa tatu hausikilizwi. Mtaniambia jukwaani mbona inawezekana? Ndiyo, kwa sababu katika tamthilia zake kila mtu ana ulimi. Katika The Importance of Being Earnest, iliyofunguliwa St James's Theatre, London, 14 Februari 1895, hata mtumishi wa nyumbani anajibu kwa makali yaleyale ya bwana wake. Filamu ya maisha haina raha hiyo. Mmoja anasema, saba wanashangaa, na tumejikuta kwenye mkutano wa hadhara wa mtu mmoja. Mwandishi wa skripti akinipa kurasa tano za namna hiyo, sina mkasi wa kumwokoa.

Kama mnataka mzaha wa Wilde ulioandikwa papo hapo, upo, nendeni Old Bailey, mahakama ya London, Aprili 1895. Wilde amemshtaki Marquess wa Queensberry, lord aliyemtuhumu kuhusiana kimapenzi na wanaume, jambo lililokuwa kosa la jinai wakati huo, kwa kumkashifu, na anayemhoji ni wakili wa Queensberry, Edward Carson, mtu aliyesoma naye Trinity College, Dublin. Carson anauliza kama aliwahi kumbusu mtumishi fulani kijana. Wilde anajibu hapana, kijana mwenyewe alikuwa na sura mbaya mno. Kwenye karatasi unacheka. Carson hacheki. Anataka kujua: ndiyo sababu hukumbusu? Kwa nini umetaja sura yake? Anarudia, anarudia, na bingwa wa maneno anaanza sentensi asizoweza kuzimaliza. Mdomo uliponza kichwa. Tarehe 25 Mei, kesi ikiwa imeshageuka yeye ndiye mshtakiwa, alifungwa miaka miwili na kazi ngumu.

Jibu lile ukilikata kama kichekesho, umeua kesi nzima. Mimi ningekaa kwa Carson muda mrefu kuliko mnavyopenda. Mwaka 1960 zilitoka filamu mbili za Wilde kwa kushindana, moja ya Robert Morley, moja ya Peter Finch. Carson wa kwanza ni Ralph Richardson, wa pili James Mason. Zitafuteni mtazame wanavyosikiliza.

Malalamiko mengine nayapita haraka. "Hafanani naye": sawa. "Ya Rupert Everett ya 2018 ina huzuni mno": inahusu miaka ya baada ya gereza, mlitegemea harusi? "Hadithi ya lile jitu lenye uchoyo inaichelewesha filamu ya Fry": hiyo ni hadithi ya watoto ya Wilde mwenyewe, na hapa nakataa kabisa. Sauti ya baba anayewasimulia wanawe inapita juu ya picha za mambo mengine, na maneno ya Wilde yanapata kazi ya kufanya badala ya kusubiri makofi.

Ila niwe mkweli kuhusu fani yangu. Sini ileile, bila kuguswa fremu hata moja, huchekesha ukumbi mmoja na kununisha mwingine. Tunafundishwa kwamba ni suala la mdundo. Siku hizi siamini sana. Inawezekana ucheshi wa mtu kama huyu haukatiki vizuri na yeyote, na sisi wahariri tunajificha nyuma ya maelezo.

Filamu ya 1997 inaanzia mgodini, Leadville, Colorado, mwaka 1882. Wilde mwenyewe alipenda kusimulia ziara hiyo: aliwasomea wachimbaji habari za Benvenuto Cellini, mfua fedha wa karne ya 16, wakapendezwa, wakauliza mbona hakuja naye. Akawaambia amekufa. Mmoja akauliza: "Nani alimpiga risasi?" Yaani hapo mwenye kuchekesha ni mchimbaji, na Wilde ndiye wa kukatiwa shoti ya uso. Sini hiyo nileteeni hata kesho. Ya mezani mpeni mwingine.