Rudisheni thamostati kwenye magari yenu

Limekuja tena. Mkonga, ile Land Cruiser ya Toyota, lenye injini ya dizeli ya 1HZ, limepanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu na mzigo juu, likachemsha kabla ya kumaliza mlima. Mwenye gari, kaka mstaarabu anayejifanyia kazi nyingi mwenyewe nyumbani kwake Sakina, akanieleza vizuri kabisa: mkanda wa feni mpya, pampu ya maji mpya, rejeta imeoshwa. Kisha akamalizia, kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu: "Na thamostati nimeshaitoa, fundi. Si ndiyo inachemsha hizi gari?"

Hapana. Nimechoka kulijibu hili mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika. Thamostati ni kile kifaa kidogo kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kwenda kwenye rejeta, mahali yanapopoozwa na hewa.

Imani yenyewe mnaijua. Nimeikuta gereji za Unga Limited, nimeikuta Moshi, nimeikuta kwa madereva wa utalii waliokaa barabarani miaka mingi na wanaolijua gari kuliko nyumba zao. Wanasema thamostati ni kifaa cha nchi za baridi, wazungu na Wajapani waliiweka kwa ajili ya theluji, sisi huku inatuzibia maji tu. Gari likipandisha mshale wa joto, kitu cha kwanza ni kufungua zile bolti, kuichomoa na kuitupa. Nafuu yangu ingekuwa kama wangeitupa na gari likaendelea salama. Tatizo ni kwamba kwenye injini hizi kuitoa kunaongeza ugonjwa uleule uliotaka kuutibu.

Thamostati ya 1HZ ina milango miwili, na hapa naomba msome polepole. Mlango mkubwa unafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Chini yake kuna kisahani kidogo chenye springi, na kazi yake ni kinyume. Injini ikiwa ya baridi, mlango mkubwa umefungwa na kisahani kimeacha njia ya mkato wazi: maji yanazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, ili injini ipate moto mapema. Moto ukishafika, nta iliyo ndani ya thamostati inayeyuka, inatanuka na kusukuma. Mlango mkubwa unafunguka, na kwa mwendo huohuo kisahani kinashuka kuziba ile njia ya mkato. Sasa maji hayana pa kupita isipokuwa kwenye rejeta.

Ukiitoa, nani anaziba njia ya mkato? Hakuna. Itabaki wazi asubuhi na mchana, tambarare na mlimani. Maji hufuata njia nyepesi, na njia ya mkato ni nyepesi kuliko vijibomba vya rejeta ya gari la miaka ya tisini. Sehemu ya maji ya moto inarudi injini vilevile ilivyotoka, haijapoa hata kidogo. Na kadiri rejeta inavyozidi kuziba, ndivyo maji mengi zaidi yanavyokimbilia mkato. Maana yake gari ambalo rejeta yake imechoka, yaani gari ambalo kweli lina tatizo la kuchemsha, ndilo linaloumizwa zaidi na dawa hii. Vitabu vya ufundi vya Toyota vimelisema wazi: thamostati yenye mlango wa mkato ukiiondoa, uwezo wa kupooza unashuka. Huhitaji kuniamini mimi.

Sasa niwageukie wanaonitetea, maana nao wananikera. Kuna mafundi wanaokataza kutoa thamostati, lakini sababu yao ni kwamba maji yakipita haraka kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa. Si kweli. Huu ni mzunguko uliofungwa. Maji yanayokaa muda mfupi kwenye rejeta yanakaa muda mfupi pia kwenye injini, na yanarudi kwenye rejeta mara nyingi zaidi. Maji yanayokwenda kasi yanabeba joto zaidi kwa dakika, si pungufu. Ukimpa fundi mbishi sababu hiyo, akaifikiria na kuona haisimami, ataitupa pamoja na ushauri wote. Ipo hoja ya jirani yenye ukweli ndani yake: kwenye injini ambazo thamostati imekaa pale maji yanapotokea, ukinzani wake husaidia kutunza shinikizo ndani ya hedi (kichwa cha injini), ili maji yaliyo karibu na vali yasianze kutoa mapovu ya mvuke. Lakini si injini zote zimepangwa hivyo, na uzito wa jambo hilo siwezi kuupima nikiwa gereji, kwa hiyo silitumii kubishana. Njia ya mkato inatosha.

Kwa nini basi imani haifi? Kwa sababu mara nyingine inaonekana kufaulu. Thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa itachemsha gari vibaya, na ukiichomoa gari litatulia siku hiyohiyo. Sikatai. Ukiwa Ndutu, mbali na duka la spea, na una uhakika imekwama, itoe utoke polepole, halafu ununue mpya. Kinachoniuma ni ile suluhisho la porini kugeuka kuwa hali ya kudumu, likahama kutoka gari moja hadi mengine kumi ambayo thamostati zake zilikuwa nzima.

Halafu kuna upande wa pili. Gari lisilo na thamostati litaenda Babati asubuhi ya Julai mshale ukiwa chini kabisa, na mwenye gari atafurahi. Asifurahi. Dizeli inayochomwa kwenye injini ya baridi haiungui yote. Inashuka kwenye kuta za silinda na kuosha oili, masizi yanaongezeka kwenye oili, ulaji wa mafuta unapanda. Uharibifu huu hauna kelele wala mvuke, kwa hiyo hakuna anayeulaumu. Injini inahitaji kufikia joto lake la kazi, na hilo halibadiliki kwa sababu tunaishi karibu na ikweta.

Nije kwenye kinachochemsha, na nianze na mfuniko wa rejeta, kitu ambacho watu hawakiangalii kwa sababu ni kidogo na bei yake ni ndogo.

Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji kwenye sufuria yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100. Ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, yanachemka kwenye 92 au 93. Injini ya dizeli iliyobeba mzigo kwenye mlima inaweza kufika nyuzi hizo ikiwa nzima kabisa. Kinachoyazuia maji yasichemke ni shinikizo, na shinikizo linatunzwa na mfuniko. Mfuniko ulioandikwa 0.9, yaani kipimo cha shinikizo unaloshikilia, ukifanya kazi yake, maji ya hapa Arusha hayachemki hadi yapite nyuzi 110. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, umepoteza akiba yote hiyo, na gari litamwaga maji mlimani wakati injini yenyewe haijazidi joto lake. Hapo mwenye gari anatoa thamostati, anabadilisha pampu, anazibua rejeta, na mfuniko uleule uliochoka anaurudisha mahali pake.

Kwa sababu hiyohiyo, usiufungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Maji ya nyuzi 105 yakipoteza shinikizo ghafla yanageuka mvuke palepale mkononi na usoni. Kitambaa hakikusaidii. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta, lile bomba nene la maji, uweze kuubana kwa mkono mtupu na uwe laini.

Urefu wa hapa unaharibu hata kipimo cha thamostati. Kitabu kinakwambia uitumbukize kwenye maji ya moto uone inavyofunguka, na kipimo hicho ni kizuri: itundike kwa waya isiguse chini ya sufuria, weka kipimajoto, tazama inapoanza kufunguka na ulinganishe na namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 76 au 82. Lakini ile ya 82 inaweza kuhitaji nyuzi 95 ili ifunguke yote, na wewe uliye Karatu maji yako yanachemka hapohapo, hayapandi tena. Utaona haijafunguka kikamilifu, utasema imekufa, na itakuwa nzima. Angalia inapoanza kufunguka, na kama inajifunga vizuri ikipoa. Hayo mawili yananitosha.

Baada ya mfuniko, jiulize gari linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni au likitambaa, na likipoa ukikimbia, shida iko kwenye hewa: mkanda, klachi ya feni (ile inayoishika na kuiachia feni), au lile kava linalozunguka feni ambalo mtu alilitoa akaona halina kazi. Lina kazi. Bila hilo feni inazungusha hewa ya moto ileile ya chini ya boneti. Likiwa sawa mjini na kuchemsha kwenye mwendo au mlimani, shida iko kwenye maji au rejeta. Likichemsha kila mahali, anza na mfuniko, mkanda na kiasi cha maji kabla ya kushika spana.

Klachi ya feni ni kipimo kinachonisumbua. Wanasema uizungushe kwa mkono: ikizunguka bure imekufa, ikiwa na uzito ni nzima. Iliyokufa kabisa utaijua hivyo, na iliyovuja mafuta yake utaiona kwa uchafu uliotapakaa katikati. Lakini iliyochoka nusu inakuwa na uzito wa kawaida ikiwa baridi na kushindwa ikipata moto, na mkono hautakwambia. Mara nyingi najua kwa kuibadilisha tu, na hilo ni gumu kumweleza mteja anayelipa.

Rejeta ioshe nje kabla ya kufikiria ndani. Magari yanayoingia Serengeti na Tarangire yanarudi na mbegu za majani na vumbi vilivyojibana kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, na kama kuna AC, uchafu mwingi umekaa katikati ya kondensa (ile rejeta ya AC) na rejeta ambako huuoni. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yasiyo na presha kubwa, la sivyo utayalaza mapezi. Kwa ndani, kile kipimajoto cha kulenga kinachouzwa kwa bei ya kawaida kitakusaidia sana: injini ikiwa ya moto, pima rejeta sehemu kwa sehemu. Penye baridi katikati ya moto, vijibomba vimeziba. Na usitegemee mshale wa dashibodi kwa haya. Kwenye magari mengi ya aina hii umefanywa utulie katikati kwa nyuzi nyingi, na ukianza kupanda umeshachelewa.

Kulanti, kile kimiminika cha kupoozea injini, tumieni. Si ya nchi za baridi peke yake, ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu, na kutu ndiyo inayoziba rejeta. Maji ya huku tunajua hayako matupu: floraidi yake inaonekana kwenye meno ya watoto wetu, na chochote kingine kilichomo kinabaki kwenye injini maji yakikauka.

Gasketi ya hedi, kile kizibo kati ya hedi na bloku ya injini, ndiyo inayoogopesha, na watu wanaikimbilia mapema mno au wanaikwepa mpaka hedi ipinde. Kipimo cha nyumbani ni hiki: asubuhi, injini baridi kabisa, fungua mfuniko kisha uurudishe ili pasibaki shinikizo la jana. Washa. Ukishika mpira wa juu ndani ya dakika chache, kabla injini haijapata moto, ukakuta umekuwa mgumu, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Je, ni gasketi au ni ufa kwenye hedi? Hapo hakuna anayejua mpaka hedi iteremke, na fundi anayekutajia moja kwa uhakika kabla ya kufungua anabahatisha. Ufa mwingine hufunguka injini ikiwa ya moto tu, na kipimo cha asubuhi hakitauona.

Ukirudisha thamostati, ile pini ndogo kwenye kitobo chake ikae juu, maana hapo ndipo hewa inapotokea. Egesha gari kwenye mteremko mdogo pua ikiangalia juu, fungua hita mpaka mwisho, jaza taratibu, washa bila mfuniko tangu injini ikiwa baridi na uendelee kuongeza mpaka mipira yote miwili ishike joto. Ukiona maji yanaanza kutaka kupanda, funga. Kesho yake asubuhi fungua tena, utakuta yameshuka kidogo kwa sababu ya hewa iliyobaki, ongeza. Yakishuka tena kesho kutwa na huoni pa kuvujia, rudi kwenye kile kipimo cha mpira mgumu, na gari lisipande mlima wowote kabla hujajua maji yanakokwenda.