Simu haijui kwamba unaendesha nyumba: dhana potofu za safari ya RV kwenye nchi ya dhahabu ya California

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Dada mmoja, ambaye ameshalipia kila kitu kwa safari ya kutembelea miji ya zamani ya dhahabu, ananiambia: "Kaka, tukimaliza Columbia tunakatiza tu hapo juu mlimani tunatokea Bodie. Ramani ya simu inasema haichukui hata saa tatu." Nikamuuliza RV yao, yaani gari-nyumba la kulala safarini, ina urefu gani. Futi 31. Nikamuuliza kama simu inajua hilo. Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini si ni barabara ya lami ya serikali?"

Swali hilo nalisikia kila msimu tangu nianze kazi ya kupangia watu safari hizi, na kila mara moyo unaniruka. Leo naliandika lote mahali pamoja, ili anayetaka kujua asome kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

"Ramani ikionyesha njia, RV inapita"

Njia ambayo simu inampa huyo dada ni barabara namba 108, inayopanda Sonora Pass, njia ya kuvuka mlima. Kilele chake kiko mita 2,933, na katika vilele vya barabara kuu za milima ya Sierra Nevada kinazidiwa na Tioga Pass peke yake. Ukitoka mjini Sonora barabara ni pana na mwinuko ni wa kawaida, unajiona dereva. Kadiri unavyokaribia kilele ndipo inapobadilika: inasinyaa, kona zinajikunja, na kuna mahali mwinuko unafika asilimia 26. Maana yake ni kwamba kila mita 100 unazokwenda mbele, unapanda au unashuka mita 26. Barabara kuu nyingi mlizozoea hazizidi asilimia 6 au 7. Alama zipo njiani, zinatahadharisha magari marefu na wenye karavani, lakini mtu ambaye tayari yuko na futi 31 kwenye kona hana pa kugeuzia.

Watu huogopa kupanda, kumbe kupanda ni kupoteza muda tu. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi cha asilimia 3 kila unapopanda mita 300, kwa hiyo utakwenda polepole, utaweka foleni nyuma yako, lakini utafika. Kinachoua ni kuteremka. RV ya kukodi ya ukubwa wa kati, ikishajazwa maji, chakula, baiskeli na watu, hufika tani 6. Uzito huo ukishuka mlima, nguvu yake lazima iende mahali. Usipoiachia injini iishike, inakwenda kwenye breki, na breki haina njia nyingine ila kuigeuza kuwa joto. Joto likizidi, vitambaa vya breki vinateleza, mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama chini bila kushika kitu.

Niliwahi kusimama upande wa mashariki wa mlima huo nikimsubiri mteja ambaye nilimwandikia mara mbili asipite hapo. Nilisikia harufu kabla sijaiona RV: harufu kali ya kitambaa kilichoungua, ile inayokaa kooni. Ilipotokea, moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Mkewe alikuwa anatembea kwa miguu nyuma ya gari, amemshika mtoto mkono, kwa sababu alikataa katakata kukaa ndani. Mzee mwenyewe alisimamisha gari, lakini mikono haikutoka kwenye usukani. Kijana mmoja aliyekuwa akipita alitaka kumwagia maji magurudumu. Nikamzuia, maana diski ya breki yenye moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupasuka. Tulikaa pale karibu saa mbili bila kugusa kitu. Hakuna aliyeumia, na kila nikisikia "tunakatiza tu hapo juu" namkumbuka yule mama na mtoto.

Njia ninayowapa wote wenye RV ni namba 88. Unaishika mjini Jackson, unapanda Carson Pass kwenye mita 2,613, unateremkia upande wa Nevada hadi Minden, halafu unashika barabara namba 395 kuelekea kusini. Ni ndefu zaidi, ndiyo, na milima ipo. Lakini ilijengwa kwa magari makubwa pia, na hata wakati wa baridi husafishwa theluji, wakati Sonora Pass hufungwa kwa miezi. Namba 4, inayopita Ebbetts Pass, msiifikirie kabisa: juu kule barabara ni nyembamba kiasi kwamba hata mstari wa katikati haina.

Wengine hunijibu kwamba wao hawavuki milima, watafuata tu barabara namba 49, ile iliyopewa namba kwa kumbukumbu ya watafuta dhahabu wa 1849. Nayo wanaichukulia kama barabara moja iliyonyooka ya kumaliza kwa siku mbili. Kutoka Oakhurst hadi Vinton ni karibu kilomita 475, na sehemu kubwa ni kona. Kati ya Coulterville na Bear Valley inatumbukia hadi Mto Merced pale Bagby kisha inapanda tena, kona juu ya kona, na ukingo wa barabara ndio ukingo wa bonde. Kule kaskazini, Downieville, ina daraja la njia moja: mnasubiriana. Na ukitaka Malakoff Diggins, hifadhi ya machimbo ya zamani ya dhahabu, simu inaweza kukuchagulia njia fupi ya North Bloomfield Road kupitia daraja la Edwards Crossing, yenye udongo na mteremko mkali. Hiyo si njia ya RV. Fuateni 49 hadi Tyler-Foote Road na mwingilie huko.

Kwa hiyo sikilizeni ninavyopanga mimi. Kwanza pimeni gari wenyewe kwa futi kamba, kutoka bampa ya mbele hadi ncha ya mwisho nyuma, pamoja na ngazi, kibeba baiskeli na ndoano ya kuvutia. Urefu ulioandikwa kwenye karatasi ya kukodi mara nyingi hauhesabu vitu hivyo, na kambi zina kikomo cha urefu kwa kila nafasi. Andikeni urefu na kimo kwenye kikaratasi, mkibandike mbele ya dereva. Pili, muda wa simu uongezeni nusu: saa mbili ni saa tatu. Karavani ya kuvutwa hairuhusiwi kuzidi maili 55 kwa saa popote California, yaani kilomita 88, na simu inahesabu kana kwamba hilo halipo. Tatu, mteremko unaushuka kwa gia ileile ambayo ungeipandia. Ingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, acha injini ilie, na ukilazimika kukanyaga breki, kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo, kisha achia kabisa ipoe. Mguu usilale kwenye pedali.

Na nne, ambayo nimeshaisema mpaka wateja wangu wa zamani wanaimalizia wenyewe: RV ni kambi, si gari la matembezi. Iegesheni Jackson, au Angels Camp, au Placerville, unganisheni umeme na maji, muiache hapo siku nne, na mtembelee migodi kwa gari dogo. Kukodi gari dogo siku chache ni gharama, najua. Lakini miji hii ilijengwa kwa ajili ya nyumbu na mikokoteni. Mitaa ya zamani ya Sutter Creek au Nevada City haina nafasi ya kuegesha futi 31, na mtazunguka mpaka mkate tamaa, muondoke bila kushuka.

"Mto ni wa umma, tutaosha dhahabu popote"

Hii nayo inakuja mara nyingi, na watu huja na vifaa wamenunua kabisa. Dhahabu bado ipo mitoni, hilo ni kweli. Kila masika mafuriko hushusha chenga mpya. Lakini ardhi kuwa ya umma hakumaanishi madini ni ya umma. Kwa sheria ya madini ya 1872, mtu anaweza kuwa na kitalu halali cha uchimbaji ndani ya ardhi ya serikali kuu. Wewe unaruhusiwa kupita hapo, kupiga picha, hata kula chakula chako, lakini chenga ya dhahabu iliyo chini ya kokoto ni yake. Nguzo za mipaka zaweza kuwa zimeanguka au zimefichwa na vichaka. Ukiokota, umeiba, na wenye vitalu hawachekei hilo.

Kwenye hifadhi za jimbo ruhusa ni chache na ina masharti. Pale Coloma, mahali James Marshall alipookota dhahabu iliyoanzisha mbio za dhahabu za California, tarehe 24 Januari 1848, unaruhusiwa kuosha mchanga sehemu iliyotengwa, kwa karai na mikono yako tu. Mwalo, ule mfereji wa kuchujia dhahabu, hauruhusiwi, wala koleo. Mashine za kunyonya mchanga wa mto zimezuiwa jimbo zima tangu 2009. Kwa hiyo kama una watoto, nunueni karai moja ya plastiki, nendeni Coloma asubuhi, mkae majini hadi adhuhuri. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, inazama chini kabisa ya mchanga mweusi. Wafundisheni watoto kuinamisha karai na kuachia maji yachukue kidogokidogo. Anayeharakisha anamwaga alichokitafuta.

Mkikuta katone ka rangi ya fedha kanachoteleza chini ya karai, msikaguse. Ni zebaki. Wachimbaji wa karne ya 19 waliimwaga kwa wingi kwenye mialo ili ikamate dhahabu, na nyingine imebaki mitoni hadi leo. Ndiyo sababu kuna maonyo kuhusu kula samaki wa baadhi ya mito na mabwawa ya huku. Anayevua asome tangazo la mahali alipo kabla ya kuwasha jiko.

"Shimo la zamani ni la kuchungulia tu"

Hapana. Kuchungulia ndiko kunakotangulia kuingia. Mbao zimeoza miaka mia, mashimo wima yamefunikwa na majani, na hewa ndani yaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha: huioni, huinusi, unalegea tu. Mwenye hamu ya mgodi aende Empire Mine, Grass Valley. Ulifanya kazi kuanzia 1850 hadi 1956 na kuacha kilomita 591 za njia chini ya ardhi. Unasimama mdomoni mwa shimo kuu, unaliona linavyoteremka gizani, na kuna reli ya kukuzuia. Inatosha.

"Tutawasha jenereta usiku, AC ifanye kazi"

Kwenye kambi za hifadhi za jimbo jenereta inaruhusiwa saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku, basi. Na vilima hivi mwezi Julai hupita nyuzi 38. Kama mna mzee au mtoto mchanga, lipieni kambi yenye umeme, au njooni Mei au mwishoni mwa Septemba. Betri ya RV haiwezi kubeba AC usiku kucha, hata muuzaji akiapa.

"Kuni tutabeba kutoka nyumbani"

Kuni husafirisha wadudu wanaoua misitu. Nunueni mnapozichomea. Na kabla ya kuwasha chochote ulizeni kama moto umepigwa marufuku wiki hiyo. Wakati wa kiangazi mara nyingi jibu ni ndiyo.

"Tutalala Bodie, kwenye mji wa mizimu"

Narudi kwa yule dada. Bodie iko mita 2,550 juu, na hakuna kambi. Hakuna mafuta, hakuna mgahawa, na jioni walinzi wanawatoa wote na kufunga. Mji huo, ambao wakati wa neema yake karibu 1880 ulikuwa na maelfu ya watu, baadaye ulihamwa, umekuwa hifadhi tangu 1962, na nyumba zinaachwa zilivyo: hazirembwi, zinazuiwa tu zisianguke. Ukichungulia dirishani unaona sahani bado mezani, na vumbi juu yake. Hata msumari haukotwi.

Na kuna jambo ambalo hakulijua. Kutoka barabara 395 hadi Bodie ni kama kilomita 21, na kilomita 5 za mwisho ni vumbi na mawe, zimejaa makunyanzi yanayotikisa kabati zikafunguka. Mikataba mingi ya kukodi RV inakataza barabara isiyo na lami. Ukiharibu gari huko, bima haikutazami. Nilimwambia asome mkataba wake. Alinipigia jioni: kifungu kipo, ukurasa wa tatu. Sasa wanapita 88, wanalala Bridgeport siku mbili, na shemeji yake anawafuata na gari dogo. Nimemwambia wabebe majaketi, kwa sababu hata Agosti alfajiri ya huko yaweza kuwa na barafu kwenye kioo.